Mdudu Aoaye Dada Zake

Kabla hamjakicheka kichwa cha makala haya, ningependa mfahamu kwamba hiki si kisa cha Abunuwasi. Ni elimu ya viumbe tupu, tena karo yangu imo ndani yake.

Mdudu mwenyewe ni mbawakavu mweusi ambaye urefu wake haufiki milimita mbili. Wataalamu humwita Hypothenemus hampei, jina ambalo mimi nimelikariri kwa kujionyesha tu. Yumo katika ukoo mmoja na wale mbawakavu wanaotoboa magome ya miti, ila yeye aliachana na magome akahamia ndani ya tunda la mbuni. Asili yake ni Afrika yetu hii, lakini siku hizi yuko Brazili, Kolombia, India na hata visiwa vya Hawaii, alikogunduliwa mwaka wa 2010. Guka humwita "mwizi wa ndani". Ukilitazama tunda huoni kitu ila kitundu kidogo kama cha sindano pale kitovuni. Lipasue sasa. Lo! Utakuta nyumba nzima: mayai, mabuu, na mama yao.

Shamba la guka liko Murang'a, sehemu za chini ambako joto si haba. Huko kiwandani kahawa iliyotobolewa huelea majini, na ikielea hutengwa, na ikitengwa bei yake ni ya kusikitisha. Mwaka jana kilo zilizotengwa zilikuwa nyingi mno hata amu yangu akatamka hadharani, mbele ya wazee, kwamba kahawa ing'olewe na maparachichi yapandwe. Guka hakumjibu. Aliondoka akaenda kumpa ng'ombe maji. Kwetu hilo ni jibu tosha.

Nami nikajiuliza: mdudu huyu ana nguvu gani?

Basi sikilizeni mambo yake. Mama mmoja huingia katika tunda moja akataga humo. Watoto wake wengi mno ni wa kike. Hupatikana dume mmoja kwa majike kama kumi hivi. Dume huyo hawezi kuruka. Amezaliwa gizani, na gizani atafia. Kazi yake ni moja tu: huwaoa dada zake humo humo ndani. Dada hao hutoka nje wakiwa tayari wana mimba, kila mmoja akatafuta tunda lake. Ajabu zaidi ni kwamba dume hazirithishi jeni za baba yake. Anazowapa wanawe ni zile za mama yake peke yake, kana kwamba baba hakuwahi kuwako!

Mwalimu wa bayolojia alikwisha kutufundisha kwamba kuoana kwa ndugu hupunguza tofauti za jeni, na kwamba kundi lisilo na tofauti ni dhaifu. Wale waliochunguza wadudu hawa kutoka mabara mbalimbali walikuta kweli wanafanana kupita kiasi, hasa nje ya Afrika. Hiyo inaeleweka. Jike mmoja aliyefichwa ndani ya gunia anatosha kuanzisha ukoo katika nchi nzima, kwani hahitaji mchumba. Lakini udhaifu wenyewe uko wapi? Mbona anashinda?

Nadhani jibu la kwanza liko kwa mwenyeji wake, yaani mti. Kahawa aina ya Arabika yenyewe ina jeni chache sana. Inaaminika ilitokana na kukutana kwa aina mbili za mibuni zamani za kale, tena mti huu hujichavusha wenyewe. Mibuni ya guka ni SL28, aina iliyochaguliwa katika Maabara ya Scott, Kabete, miaka ya 1930. Kwa hiyo mdudu akishajua kulitoboa tunda moja, amejua shamba zima, na la jirani, na la ng'ambo ya mto. Tofauti za jeni angezitafutia nini wakati chakula chake ni kile kile kutoka Murang'a hadi Kolombia? Hata ile kafeini, ambayo ni sumu kwa wadudu wengi, haimbabaishi. Mwaka wa 2015 watafiti walitangaza kwamba bakteria waliomo tumboni mwake ndio huivunja. Yaani amekuja na wapishi wake!

Jibu la pili ni joto, na hapa jamani ndipo penye uchungu. Mwaka wa 2009 watafiti wa kituo cha icipe, kile kilichoanzishwa na marehemu Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi, walitoa matokeo ya kuwafuga wadudu hawa katika viwango mbalimbali vya joto. Kati ya nyuzi 20 na 30 walikua na kuzaana vyema. Katika nyuzi 15 hawakuzaa. Ndiyo sababu zamani mashamba ya juu, yapitayo mita 1,500, yalikuwa salama. Baridi ndiyo iliyokuwa askari wao. Sasa joto limepanda, na mdudu amepanda nalo. Haikumlazimu kubadilika hata chembe. Mlima ndio uliobadilika ukamfuata yeye.

Binamu yake wa Kanada, yule mbawakavu wa misonobari, alifanya vivyo hivyo. Baridi kali ya kule huwaua mabuu chini ya gome, lakini majira ya baridi yalipolegea, mdudu aliivuka milima ya Rocky akaingia Alberta kwa wingi mwaka wa 2006, akakuta misonobari ya aina nyingine isiyomzoea.

Amu naye husema, "Nyunyizeni dawa kali, mambo yaishe." Hayaishi! Kisiwani New Caledonia walinyunyiza endosulfani miaka mingi, hata miaka ya 1980 wadudu wakawa hawafi tena. Hapa ile ndoa ya ndugu ndiyo iliyowafaa. Jeni ya ukinzani ikitokea kwa mmoja, haipotei kwa kuchanganyika na za wageni; vizazi vichache tu, ukoo mzima unayo. Dawa yenyewe iliwekwa katika orodha ya kupigwa marufuku duniani mwaka wa 2011, kwa vile iliwadhuru watu pia.

Nilimweleza guka haya yote likizoni, naye alisikiliza huku akipasua matunda kwa ukucha. Nilimwambia kwamba yale meusi yaliyoanguka chini, ambayo sisi huyaacha, ndiyo bweni la mdudu baada ya mavuno, na kwamba miti ya kivuli hupunguza joto shambani. Siku ya pili tuliokota matunda makavu hadi jioni, tukajaza magunia matatu, tukayachoma. Mgongo wangu bado unakumbuka.

Tumepanda migrevilea ishirini katikati ya mibuni. Amu naye amenunua miche arobaini ya parachichi, imepangwa kando ya ghala, na kila asubuhi huimwagilia maji mbele ya guka bila kusema neno.