Mudi Moja ya Maji: Siku Moja katika Uwanda wa Dida Galgalu

Tuliondoka Turbi baada ya sala ya alfajiri, mume na mke juu ya baiskeli mbili, na lita 12 za maji zimefungwa kwenye keria. Watoto tulikuwa tumewaacha Mombasa kwa bibi yao, kwa likizo ya Agosti. Tulikuwa tumepanda basi hadi Moyale, na sasa twarejea kusini kwa nguvu za miguu yetu wenyewe. Siku hiyo tulikuwa na takriban kilomita 120 za kufika Marsabit, nasi tulijiapiza kuzimaliza kabla ya magharibi.

Wazee waliofanya biashara kaskazini wataikumbuka barabara hii kwa machungu. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, malori yalikwenda kwa misafara yakisindikizwa na askari, na abiria aliyeketi juu ya magunia alifika akiwa mwekundu kwa vumbi tangu kope hadi kucha. Leo lami ni laini kama mkeka mpya. Kwa hiyo tulidhani kuwa shida imekwisha.

Dida Galgalu ni uwanda wa mawe meusi, yaliyotapikwa na volkano za zama za kale, nao umeinuka mamia ya mita juu ya usawa wa bahari. Hakuna mti wa kumvulia mtu kivuli. Mawe yametandazwa hadi upeo wa macho, yote ya rangi moja, kana kwamba kumeungua mji mkubwa na hakuna aliyerudi kuuzoa. Asubuhi ilipochomoza tulisimama tukanyamaza. Kuna mahali ambapo ulimi hupata "Subhanallah" kabla ya akili kupata neno jingine lolote.

Kisha upepo ukatukabili. Ni kusi hilihili tulijualo sisi watu wa Pwani, lile lipelekalo majahazi kaskazini. Likifika huku hubanwa baina ya milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Kenya, likavuma kwa nguvu kama maji yapitayo katika mkondo mwembamba. Lilitupiga kutoka kushoto mbele, likatusukuma katikati ya barabara. Gia tulishusha hadi ya chini kabisa, na bado tulikwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Dada zetu waliotuuliza kuhusu mavazi tuwajibu hapa: buibui halifai baiskeli, kwa kuwa upindo wake huingia katika cheni na kumwangusha mtu. Suruali pana iliyobanwa kifundoni, kanzu ifikayo magotini, na mtandio uliofungwa kwa pini vilitosha kwa stara na kwa jua pia.

Saa tatu lori lilisimama. Dereva alitusalimu, akatazama mashavu yetu yaliyopasuka, akasema kuna nafasi nyuma. Tulimshukuru, tukakataa. Twakiri leo kwamba ule haukuwa ushujaa. Kilikuwa kiburi kilichovaa nguo za ushujaa.

Haukupita muda, mwiba wa mgunga ukatoboa gurudumu la nyuma. Tulilaza baiskeli, tukavua mpira, tukatafuta tundu, tukabandika kiraka. Shughuli ile ilituchukua nusu saa, na katika nusu saa hiyo hatukuona kwamba kifuniko cha dumu kubwa kilikuwa kimelegea. Tulipoiinua baiskeli, dumu lilikuwa jepesi. Chini palikuwa na alama ya unyevu, pana kiasi cha sinia, nayo ilikuwa ikikauka mbele ya macho yetu. Kwa yale tuliyokwisha kunywa na yale yaliyomwagika, tulibakiwa na lita mbili.

Hatukulaumiana. Kila mmoja aliogopa kusema la kwanza.

Adhuhuri ilipoingia tulikuwa tumebakiza chini ya lita moja, na maji hayo yalikuwa ya kuokoa roho. Tulisogea kando ya barabara, tukainua mawe kutafuta udongo wenye vumbi, tukatayamamu. Tuliswali adhuhuri rakaa mbili, tukatayamamu tena, tukaswali laasiri rakaa mbili, tumezikusanya na kuzifupisha kama msafiri alivyoruhusiwa. Mambo haya tuliyasoma chuoni tukiwa wadogo, tukayajibu katika mtihani, tukayasahau. Siku ile, viganja vikiwa katika vumbi la moto, tulifahamu kwamba rukhsa ni mkono wa Mola unaomshika mja asianguke.

Alasiri, tukiwa twakokota baiskeli, tuliona mbuzi, kisha mtoto wa shule aliyevaa sweta, kisha nyumba za Wagabra, za duara, zimefunikwa kwa mikeka na vitambaa. Nyumba hizi hujengwa na wanawake, na ni mali yao. Wakihama, hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Mwenye nyumba, bibi wa makamo ya mama zetu, aliitikia salamu yetu kwa ukamilifu wake, akatuashiria kuingia. Tulitaka kueleza tulikotoka na yaliyotupata. Mjukuu wake akatufasiria: "Nyanya anasema mnywe kwanza. Maneno baadaye."

Alitupa maji, kisha chai ya maziwa ya ngamia yenye sukari nyingi. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, kwa kuwa vyombo vyake, vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, hufukizwa kwa makaa, kama sisi tufukizavyo nguo kwa udi. Baada ya hapo ndipo tulipopata habari za nyumba ile. Baina ya mwaka 2020 na 2022 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo, na katika ukame huo alipoteza ngamia wake, isipokuwa wawili. Maji yaliyotuburudisha yaliletwa kwa punda, mwendo wa asubuhi nzima.

Magharibi alituletea kopo moja la kutawadhia. Tulisita, tukasema twaweza kutayamamu. Alitikisa kichwa. Mjukuu akasema: "Anasema mgeni haswali kwa vumbi nyumbani kwake na maji yapo."

Twajua kutoka katika Hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) alitosheka na mudi moja ya maji kwa udhu, yaani viganja viwili vilivyojaa. Kopo lile lilikaribia kiasi hicho. Tulitawadha kwa utaratibu ambao hatujapata kuwa nao nyumbani, kiungo baada ya kiungo, na yule mtoto akakinga beseni chini ya mikono yetu. Maji yaliyodondoka aliwapelekea vitoto vya mbuzi.

Marsabit tuliifika kesho yake, tukipanda mlima ndani ya ukungu, hadi penye msitu na majani mabichi. Ilikuwa nzuri, lakini macho yetu yalikuwa yamebaki nyuma.

Mombasa si mji wa maji tele. Sote twajua kungoja mkokoteni wa madumu na kulipa bei anayotaka mchukuzi. Lakini siku bomba litokapo, twasimama mbele yake na kulifungua lote, tukitawadha kwa ndoo nzima. Tangu turejee tumeweka kopo moja kando ya bomba, na watoto wameanza kushindana nani atabakisha. Jaribuni nanyi jioni moja na wanenu. Na mkimaliza, muombeeni dua bibi yule, Mwenyezi Mungu ampe mvua ya rehema na amrudishie ngamia wake. Amin.