Boga Katika Keki ya Ubatizo

Leo sina habari ya safari wala ya mkutano; nataka kunena habari ya boga, pamoja na uongo mmoja niliousema mezani kwangu mwenyewe. Nawaomba mnivumilie, kwani habari hizi mbili zimefungamana, hata siwezi kuisimulia moja pasipo nyingine.

Mwaka 2024, Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi, mjukuu wangu wa kwanza alikuwa abatizwe. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyepata mjukuu, nalikuwa nimewaahidi wakwe zetu wa mjini Dodoma ya kwamba watakapokuja watakula keki. Ahadi hiyo naliitoa mwezi wa Desemba. Hata ulipoingia mwaka mpya, sukari ikaadimika nchini, kwa kuwa mvua zilizozidi kiasi zilituamisha maji katika mashamba ya miwa, na miwa haikuweza kuvunwa. Kwetu upande wa Kongwa, kilo niliyozoea kuinunua kwa shilingi 2,800 ilifika 4,500, na mwenye duka hakukubali kukuuzia zaidi ya nusu kilo. Serikali iliruhusu sukari ya nje iingizwe, walakini njia ya kutoka bandarini hata kijijini kwetu ni ndefu. Tukanywa uji wa chumvi, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuvunjia ahadi yangu.

Mama yangu, ambaye ni mzee sana na anakaa nyumbani kwangu, alinisikia nikihesabu fedha usiku. Akaniambia, "Mwanangu, maboga yako shambani, na asali imo kibuyuni. Watafuta utamu gani tena?"

Nalicheka, tena si kicheko kizuri. Msomaji asiyeijua nchi yetu ya Ugogo yafaa aelezwe sababu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hata Aprili, nayo ni kama milimita 570 kwa mwaka, ikija. Uwele na mtama hupandwa, na maboga hutambaa katikati yake. Nafaka ingali changa na ghala limekwisha kuwa tupu, boga ndilo linalotangulia kufika chunguni. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiliona boga hukumbuka njaa, ingawa ndilo lililomtoa katika njaa hiyo. Mama yake mama yangu alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya 1917 hata 1920, majeshi ya vita yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua ikakataa. Watu wengi mno walikufa. Yeye alipona, na maisha yake yote hakutupa mbegu ya boga hata moja. Mimi nalilelewa na hadithi hizo, nikasoma, nikawa mwalimu, nikajifunza kuona haya.

Lakini mtu mwenye deni hana kuchagua. Nikaleta boga moja kubwa, nikalikata, nikalichemsha katika maji tele, nikaliponda, nikachanganya na unga wa ngano niliounua Kibaigwa. Mama alikuwa akinitazama, asiseme neno. Hatuna joko, twaoka kwa sufuria kubwa iliyotiwa mchanga chini, sufuria ndogo ikawekwa ndani yake, na makaa yakapaliwa juu ya kifuniko. Baada ya saa nzima nikatoa kitu cheusi juu, kibichi katikati, kizito kama tofali. Kuku walikidonoa wakakiacha.

Ndipo mama aliponifundisha, kwa utaratibu ambao sikuupata katika chuo cha ualimu. Kwanza, boga halipikwi siku linapotoka shambani. Huwekwa mahali pakavu siku nyingi, maana wanga uliomo huendelea kugeuka sukari lingali limekaa. Pili, lipigwe kwa kidole. Lile lenye sauti nzito limejaa maji, lile linalolia kama ngoma lafaa. Tatu, lisichemshwe, bali vipande viwekwe juu ya vijiti ndani ya chungu, vipate mvuke tu, kisha rojo lake likamuliwe katika kitambaa safi mpaka lisidondoshe tena. Habari ya asali nalijifunza kwa kuunguza keki ya pili: asali huungua upesi kuliko sukari, basi makaa ya juu yawe machache, na mtu asiondoke kwenda kuongea na jirani. Keki ya tatu ikatoka. Rojo vikombe viwili, unga vikombe vitatu, mayai manne, mafuta ya alizeti nusu kikombe, asali kikombe kasoro kidogo, iliki, chumvi kidogo, na poda ya kuumulia vijiko viwili. Rangi yake ilikuwa kama jua la saa kumi na mbili jioni. Mama alionja, akasema, "Sasa hii yalika."

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nalijiona nina hoja za kutosha kuitetea keki yangu mbele ya mtu yeyote. Nalijua ya kuwa mwaka 1747, huko Berlin, mtaalamu aliyeitwa Andreas Marggraf aligundua kwamba sukari ya kiazi cha bitiruti ni sawasawa na ile ya miwa, na ya kuwa hata leo kiasi cha moja ya tano ya sukari ya dunia hutoka katika mzizi huo. Nalijua ya kuwa Waingereza walipopimiwa sukari tangu Januari 1940, kwa sababu ya vita, serikali yao yenyewe iliwahimiza kutia karoti katika vitamutamu. Na viazi vitamu vya Gairo, vile tunavyovinunua barabarani, vikichomwa polepole katika majivu huwa vitamu kuliko vikichemshwa haraka, kwani ndani ya kiazi mna kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari joto linapopanda pole pole, na joto likizidi upesi nguvu yake hufa. Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, yeye kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Hayo yote naliyajua. Nimeyafundisha darasani.

Siku ikafika. Mtoto akabatizwa, akalia kidogo tu. Wakwe zetu wakaja katika mavazi mazuri, wakala, wakakatiwa keki. Mkwe wetu mzee akala kipande, akaomba cha pili, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, keki hii mmeitia nini hata ikawa laini namna hii?"

Nikajibu, "Ni mayai ya kienyeji tu, bwana, na siagi ya mjini."

Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni, kitoto mikononi mwake. Hakuinua kichwa. Akaendelea kumfukuzia nzi mtoto kwa upindo wa khanga, na mimi nikaendelea kumimina chai.

Siku tatu alinijibu salamu na maneno ya lazima tu. Siku ya nne naliketi karibu naye, nikasema, "Mama, nimekukosea." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hukunikosea mimi peke yangu. Yule aliyeniachia mbegu hizi alizificha nguoni akiwa mtoto, na watu wakifa njiani. Nawe umesema ni siagi."

Nikatoka nje, nikampigia mkwe wetu simu. Kwa kweli ulimi ulikuwa mzito kuliko ile keki ya kwanza. Nikamweleza kwamba hapakuwa na siagi, ya kuwa ni boga, na aliyenifundisha ni mama. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia anacheka, akaniambia, "Mwalimu, mke wangu alikuta uzi wa boga katika kipande chake, akaniambia njiani tukirudi. Tumekuwa tukingojea utasema lini. Sasa anataka mbegu."

Nikarudi ndani, nikampasha mama habari. Alikuwa amekwisha kushusha kile kibuyu kidogo kinachoning'inia juu ya meko, ambacho ndani yake mbegu hukaa katika majivu zisiliwe na wadudu. Akazimwaga katika ungo, akaanza kuzichagua moja moja, zenye tumbo nene upande huu, zilizosinyaa upande ule.

"Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Nataka nimwonyeshe namna ya kulipiga kwa kidole."