Nani Kahesabu, Nani Kahesabiwa

Ndugu msomaji, ukizaliwa Nyalikungu, pale Maswa mjini, kuna hesabu moja unakua nayo kama unavyokua na jua la kiangazi: nyumbu wa Serengeti ni milioni moja na laki tatu. Utaisikia shuleni, utaisikia redioni, hata kondakta wa basi la Bariadi anaitaja akitaka kujionyesha kwa mgeni. Mimi nikajiuliza, hivi jamani, nani aliwahesabu? Nyumbu hapangi foleni, wala hana balozi wa nyumba kumi. Nikaifuatilia habari hiyo, na leo nataka tuipitie pamoja, maana haiishii porini. Inaingia mpaka shambani kwa shangazi yangu.

Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka Serengeti na ndege ndogo iliyopakwa mistari kama pundamilia. Waliligawa eneo vipande vipande, wakaruka chini chini, wakahesabu kwa macho. Wakapata nyumbu 99,481. Januari 10, 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege ikagongana na tai, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24, umri wetu huo, washikaji. Kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Mwaka 1961 hesabu ikasema nyumbu 263,000 hivi. Kufika 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Kwa kiasi fulani ni ufundi wa kuhesabu ulioongezeka, lakini nyumbu wenyewe kweli walizaana. Kisa ni sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ukafyeka ng'ombe, ukafyeka na wanyama wa porini. Baadaye ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti wakachanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikatoweka kwa nyumbu. Nyumbu mwenyewe hakudungwa sindano hata moja! Wataalamu wakagundua kwamba ng'ombe ndiye aliyekuwa akimwambukiza. Kwa hiyo, ndugu yangu, kila mgeni anayepiga picha msafara ule mrefu anapiga picha pia chanjo ya zizi la mfugaji, Msukuma akiwamo. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa huru na sotoka. Sikuona mfugaji aliyepewa medali.

Babu yangu alikuwa na ng'ombe, na idadi yao hakuitaja kwa mtu. Aliamini ukiitaja unaalika upungufu. Lakini jioni wakiingia zizini, kabla lango halijafungwa, alishajua kama yule mwenye baka jeupe pajani hayupo. Na yeye alikuwa anahesabu, tena hesabu ya mtu ambaye mnyama mmoja akipotea hapati usingizi.

Hesabu ya ndege ni nyingine. Rubani anafuata mistari iliyonyooka kwenye ramani. Kwenye nguzo za bawa zimefungwa fimbo, na mtazamaji aliyekaa nyuma anahesabu wanyama wanaoonekana katikati ya fimbo hizo tu. Kundi likiwa kubwa, anapiga picha, akalihesabu baadaye mezani. Kisha eneo lililotazamwa linalinganishwa na eneo zima, na idadi inakisiwa. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hatoi namba tupu. Atakwambia ni ngapi, na kwamba huenda wakazidi au kupungua kwa kiasi fulani. Tatizo ni kwamba ile "huenda" inadondoka njiani, kabla namba haijafika redioni.

Siku hizi kazi hiyo imepanda juu zaidi. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kuwa wamewahesabu pengwini wakubwa wa Antaktika kwa picha za setilaiti: karibu 595,000. Makundi waliyatambua kwa madoa ya kinyesi juu ya barafu. Barafu yenyewe nayo inapimwa. Ya kwetu, ya Kilimanjaro, ilichorwa ramani na Wajerumani mwaka 1912, ikiwa kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Bila ile ramani ya zamani leo tungekuwa tunabishana vijiweni tu, huyu akisema imepungua, yule akisema ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Basi mwaka 2025 watafiti wakatoa hesabu ya nyumbu wa Serengeti na Mara kwa picha za setilaiti, kompyuta ndiyo ikihesabu. Wakapata chini ya 600,000, tena kwa picha za 2022 na 2023. Ile milioni yetu ya shuleni iko wapi? Inawezekana wengine walikuwa chini ya miti, au nje ya eneo lililopigwa picha. Inawezekana hesabu za zamani zilizidi. Tusikimbilie kulia wala kucheka. Ila tuache kuiimba namba kama kibwagizo.

Sasa tembo. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa nao 109,000 hivi. Sensa ya angani ya 2014 ikakuta 43,000 hivi. Ujangili huo! Lakini upande wa Serengeti waliongezeka, na hilo shangazi yangu hakuhitaji kuambiwa. Anaishi Itilima, jirani na Pori la Akiba Maswa. Jina la pori ni la kwetu, lakini mahindi yanayoliwa ni ya kwake.

Msimu mmoja tembo walimlia shamba karibu lote. Akaja mtu wa ofisi, akasimama barabarani, akalitazama shamba kwa jicho, akaandika nusu eka. Nusu eka! Huyo ndiye wa kumkadiria kifuta jasho. Shangazi hakubishana. Alinunua daftari la shule, na tangu siku hiyo anaandika tarehe, saa, tembo wangapi, wametokea upande gani, wamekula mistari mingapi. Hesabu za usiku, kwa mwanga wa tochi, debe likiwa mkono wa pili.

Nilipomweleza habari za ndege na fimbo zake alisikiliza kwa makini, akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, hiyo ndege inapita usiku?"

Nikamwambia hapana, shangazi, wanaruka mchana.

"Basi waambie waje waazime daftari."