Usitazame kwa Ajili ya Jina

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

   

Ujumbe wako nimeusoma wote, pamoja na ile orodha ndefu ya filamu na tamthilia ulizotazama tangu mlipomaliza mitihani. Nimefurahi, maana ni wachache wanaomwandikia mjomba wao habari za mambo kama hayo. Lakini kuna jambo moja ulilolitaja kwa kupita tu, nami likanikaa moyoni. Umesema baadhi ya tamthilia za Star Wars zilikuchosha tangu sehemu ya kwanza, ila ulijilazimisha kuzimaliza kwa sababu ni Star Wars, na hukutaka wenzako wakuache nyuma. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, kwa sababu wewe ni mtu unayetaka kuandika, na anayetaka kuandika hana budi kujua anampa nani muda wake.

Hadithi iliyozaliwa na hadithi nyingine huja duniani na jina la ukoo. Jina la ukoo humfungulia kijana mlango wa kwanza. Akishaingia ndani atapimwa kwa tabia na kazi yake mwenyewe. Ndivyo ninavyokuomba uzipime filamu hizi. Jiulize: humu ndani yumo mtu anayejitegemea, mwenye haja yake mwenyewe, ambaye ningemjali hata kama nisingewahi kusikia jina la ukoo wake? Akiwemo, kaa umtazame. Asipokuwemo, zima ukalale, na usione haya.

Ujue pia kwa nini za Star Wars zimekuwa nyingi hivi. Kuanzia 1977 mpaka 2005, George Lucas alitoa filamu kuu sita tu za Star Wars. Mwaka 2012 kampuni ya Disney ikainunua kampuni yake kwa zaidi ya dola bilioni 4, na fedha kama hizo lazima zirudi. Novemba 2019 wakazindua huduma yao ya kutazama kwa malipo ya kila mwezi, na siku hiyo hiyo wakaweka tamthilia ya The Mandalorian. Tangu hapo kila mwezi unahitaji kitu kipya, mteja asije akasitisha malipo. Sisemi kwamba biashara ni dhambi; kazi nzuri nyingi zimelipiwa na wafanyabiashara. Nasema tu uelewe kwamba ule woga wako wa kuachwa nyuma unamwingizia mtu faida.

Sasa nije kwenye orodha yako. Umeandika kwamba Andor inakwenda polepole. Nakuomba uirudie kwa utulivu, kwa sababu kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote zilizotoka katika ukoo ule kwa miaka mingi. Angalia asili yake. Filamu ya kwanza ya 1977 inafunguka kwa maandishi yanayotaja, kwa mkupuo mmoja, kwamba wapelelezi wa waasi wameiba ramani za silaha kubwa ya Dola. Basi. Wapelelezi wenyewe hatuwaoni. Miaka 39 baadaye, filamu ya Rogue One ikauliza watu hao walikuwa akina nani, na ikatuonyesha kwamba karibu wote walikufa ili ramani zile zifike. Kisha mwandishi Tony Gilroy akamchukua mmoja wao, Cassian Andor, akauliza tena: mtu hufikaje mahali pa kukubali kufa kwa ajili ya jambo ambalo hatalishuhudia? Jibu lake likachukua misimu miwili, 2022 na 2025, sehemu 12 kila msimu.

Rudia zile sehemu za gereza la Narkina 5. Cassian anakamatwa ovyo ufukweni, hata kosa lenyewe halina maana, anafungwa miaka sita. Wafungwa wanatembea peku juu ya sakafu ambayo walinzi wanaweza kuitia umeme wakati wowote. Kila meza ina watu saba wanaounga vyuma, na meza zinashindanishwa: ya kwanza inapata ladha katika chakula, ya mwisho inapigwa umeme. Nyapara wao, Kino Loy, naye ni mfungwa. Anahesabu siku zake zilizobaki, na kwa sababu anaziamini hesabu hizo, anawasukuma wenzake kuliko hata walinzi wangewasukuma. Siku anapofahamu kwamba hakuna anayeachiwa, kwamba anayemaliza kifungo huhamishiwa ghorofa nyingine akaanze upya, uso wake unabadilika bila neno. Ndiye anayewaongoza wote kutoka. Wanafika ukingoni, chini ni maji matupu, wenzake wanaruka mmoja mmoja, na yeye anasema hajui kuogelea.

Angalia jinsi jambo hilo lilivyofanywa. Hakuna upanga wa mwanga, hakuna shujaa wa Jedi wa kuushika, hakuna mtu maarufu aliyepita kutusalimia. Kuna gereza, zamu, umeme, na mtu aliyedanganywa. Halafu mwishoni mwa msimu, baada ya majina ya waliotengeneza kupita, tunaona vile vyuma walivyokuwa wakiviunga vikifungwa kwenye silaha ile ile itakayomuua Cassian. Hadithi ya tawi imeifanya ya shina iwe nzito zaidi. Ukiirudia filamu ya 1977 sasa, utajua nani aliunga vyuma vile, na kwa adhabu gani.

Kwa upande wa pili weka Solo ya 2018. Umesema ni nzuri tu, ya kupitisha jioni, nami sikukatalii, waigizaji wamejitahidi. Lakini tazama inavyotumia muda wake. Inatueleza Han, yule mhusika maarufu wa filamu za kwanza, alipataje bastola, alipataje chombo chake, alikutanaje na rafiki yake Chewbacca. Hata jina lake la pili: ofisa anayeandikisha askari anamuuliza watu wake ni akina nani, kijana anasema hana, basi ofisa anamwandikia Solo. Hayo ni majibu ya maswali ambayo hakuna mtazamaji aliyekuwa akiyauliza. Mtu tuliyempenda kwa sababu hatukujua alikotoka, sasa ana risiti ya kila alichonacho.

The Book of Boba Fett nayo ina kasoro nyingine. Ina sehemu saba, na jina la Boba liko mlangoni. Ukifika sehemu ya tano, Boba mwenyewe haonekani kabisa. Hadithi imepewa shujaa wa The Mandalorian, na inayofuata pia ni kama yake. Ni kana kwamba waliotengeneza wenyewe walikuwa wameshachoka na mtu wao. Ukiona hadithi inamwita jirani aje kuiokoa, usijilaumu kwa kusinzia.

Nimefurahi kuona umeitazama pia A Quiet Place: Day One, ile ya 2024, ingawa umeiandikia neno moja tu, “kali”. Inastahili zaidi ya neno moja. Filamu mbili za kwanza zilihusu familia iliyokwisha kujifunza kuishi kimya, kwa sababu viumbe waliovamia dunia wanawinda kwa kusikia. Hii ya tatu ingeweza kutueleza viumbe wametoka wapi na wanauawaje. Mwandishi na mwelekezi wake, Michael Sarnoski, akaiacha njia hiyo. Akamleta Samira, mshairi mwenye saratani, anayeishi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na akampa nafasi hiyo Mkenya Lupita Nyong'o. Kila mtu New York anakimbilia mashua, kwa kuwa viumbe hawawezi maji. Samira amembeba paka wake na anakwenda upande wa pili, Harlem, akale kipande cha pitsa mahali alipokuwa akienda na baba yake. Mtu anayejua anakufa hatafuti kuokoka. Anatafuta siku moja iliyokuwa njema.

Kuna mahali mvua inanyesha, na Samira na Eric, kijana aliyekutana naye njiani, wanangojea radi. Radi ikipiga, wanapiga ukelele kwa nguvu zao zote, kwa sababu ndani ya muungurumo ule hakuna kitakachowasikia. Ikinyamaza, wananyamaza. Hapo filamu imeichukua kanuni ya ukoo wake, kwamba sauti ni kifo, ikaipatia kazi nyingine: ikaifanya iwe nafasi ya kulia.

Na kama hujaitazama Prey ya 2022, itafute. Ni ya ukoo wa Predator, ulioanza 1987 kwa wanaume wenye misuli na bunduki kubwa msituni. Prey inaturudisha mwaka 1719, kwa Wakomanchi wa Amerika Kaskazini, kwa binti anayeitwa Naru ambaye watu wake hawaamini kwamba anaweza kuwa mwindaji. Naru hana nguvu za kumzidi adui, kiumbe mwindaji aliyetoka anga za mbali. Anachojua ni kutazama. Anaona kwamba kiumbe yule huwatambua watu kwa joto la miili yao, naye anajua ua la dawa linalopoza mwili. Ushindi wake unatokana na maarifa tuliyomwona nayo tangu mwanzo, kwa hiyo hautushangazi kwa hila. Filamu hiyo ilitolewa pia ikiwa na sauti za Kikomanchi tangu mwanzo hadi mwisho. Itazame kwa sauti hizo.

Sasa nasaha ya pili, inayohusu namna ya kutoa maoni. Maoni yako mengi ni “kali”, “mbovu”, “wamezingua”. Nafahamu vijana ndivyo mnavyozungumza, na kwenye maongezi hayana ubaya. Lakini ukishika kalamu, mpe msomaji ulichokiona. Sema ni pale alipofanya hivi, ni pale walipokata mapema, ni pale muziki ulipomwambia nilie kabla sijapata sababu. Akikukatalia, awe na kitu cha kukushika nacho.

Na unapokosoa, kosoa kazi, umwache mtu. Mwaka 1999 Ahmed Best aliigiza Jar Jar Binks katika The Phantom Menace. Watazamaji wakamchukia mhusika yule, na chuki ikavuka mpaka ikamfikia kijana mwenyewe. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba dhihaka zile zilimfikisha karibu na kujiua. Hakuandika yeye maneno yale, hakubuni yeye umbo lile. Alifanya kazi aliyopewa. Mwaka 2023, katika msimu wa tatu wa The Mandalorian, wakamrudisha kama Jedi anayemwokoa Grogu, yule mtoto wa tamthilia hiyo, katika usiku wa mauaji ya Majedi. Wengi walifurahi, nami nilifurahi sana. Lakini miaka zaidi ya 20 ilikuwa imekwisha kupita. Kabla hujabonyeza kutuma neno la kuumiza, kumbuka upande wa pili yuko mtu anayesoma.

Neno la mwisho ni kuhusu kwetu. Katika Return of the Jedi ya 1983, yule kiumbe aliyeketi pembeni ya rubani Lando akimsaidia kurusha chombo anazungumza kwa sauti ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na sehemu ya anayoyasema ni Kikuyu. Kwa hiyo tumo katika hadithi hizi tangu zamani, pembeni, nyuma ya barakoa. Lakini tunazo pia zetu, na katika orodha yako nzima sikuona hata moja. Tafuta Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, fupi ya dakika 20 na kidogo. Vita vya maji vimekwisha, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani wakinywa jasho lao lililosafishwa, na Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo unaoweza kuotesha mbegu. Tafuta pia Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda, ya wachimba koltani na vijana wadukuzi wa Burundi, ambamo utasikia Kiswahili kikizungumzwa pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Hizo hazina ukoo wa kuzibeba. Hakuna atakayekucheka kwa kutozitazama, na ndiyo sababu zinahitaji watu kama wewe.

Kwa hiyo nakupa kazi, kama mjomba wako. Chagua tamthilia moja unayoimaliza kwa kujilazimisha, uiache leo. Muda utakaobaki, mtazame Asha. Kisha niandikie ukurasa mmoja juu ya lile analofanya kwa ile mbegu na kwa maji yake machache, kama amefanya vyema au la, na kwa nini unaona hivyo. Ukitofautiana nami katika yote niliyosema juu ya Andor, niandikie na hilo pia. Nitakujibu.

Wasalimie wenzako wote hapo chuoni. Mungu akulinde na akufungulie njia.

Wasalaam,

Mjomba wako akupendaye