Mikono Thelathini

Mwamba ngoma, walisema wahenga, huvutia kwake. Na miongoni mwa wavuvi ngozi ya ngoma hiyo huvutwa hadi ikakaribia kupasuka. Aghalabu hudhaniwa kwamba mvuvi hutia chumvi katika ukubwa wa samaki pekee. La hasha! Wale wavuao trauti kwa nzi bandia katika mito ya Nyandarua na Mlima Kenya wana chumvi nyingine, nayo ni umbali ambao kila mmoja hudai kuurusha mshipi wake.

Trauti si wenyeji wa mito hiyo. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yao kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakatiwa katika Mto Gura. Kwa miongo mingi baada ya hapo uvuvi huu ulikuwa mchezo wa walowezi, naye Mwafrika akawa mchukuzi wa kikapu. Mchukuzi mmoja wa zama hizo alijifunza kurusha kwa kutazama tu, kisha akamfunza mwanawe. Mwana huyo, ambaye sasa ni karani mstaafu aishiye karibu na Kiganjo, alirithi ufito wa mwanzi na sentensi moja: kwamba marehemu babake aliweza kumtua nzi yadi thelathini, chini ya mizizi ya ng'ambo ya kilindi fulani cha Mto Thego, pasi na kumshtua samaki.

Ufito ulivunjika. Sentensi ilibaki, nayo ilimtesa kwa muda wa miaka arubaini. Yadi 30 ni zaidi ya mita 27, na mshipi mzima wa uvuvi huu kwa kawaida hauzidi sana urefu huo. Kila alipofika mtoni alirusha kwa nguvu zake zote, akanasa mizizini, akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba hajakifikia kimo cha mzazi wake.

Alipostaafu alianza kupima. Katika likizo moja ya shule aliomba ruhusa ya kutumia uwanja wa kandanda wa jirani, na chaguo hilo lilikuwa la busara kuliko alivyojua. Duara la katikati lina nusu kipenyo cha mita 9.15, yaani futi 30. Na futi 30 za mwanzo za mshipi ndizo hupimwa uzani ili mshipi upewe nambari yake. Mshipi nambari 5, kwa mfano, huwa na takriban gramu 9 katika urefu huo. Eneo la penalti nalo huishia mita 16.5 kutoka mstari wa goli. Mtu asiye na utepe anaweza kujijua pale pale, mradi mistari imechorwa kwa haki.

Hapana budi kufafanua kinachopimwa, kwa maana mabishano mengi ya wavuvi huzaliwa hapa. Urefu wa mshipi si umbali wa mrusho. Mshipi huvutwa kutoka kwenye gurudumu lake. Sehemu ya kwanza, yapata mita 2.7, hulala sambamba na ufito, na kinachosalia ndicho hutoka nje ya ncha. Mwishoni hufungwa uzi mwembamba, nao aghalabu ni wa mita 2.7, na nzi yuko mwisho wa uzi huo. Umbali wa haki huanzia miguuni mwa mrushaji na kuishia pale nzi alipotua. Kama kila kitu kingenyooka kama rula, umbali huo ungekaribia jumla ya mshipi uliovutwa na ule uzi. Lakini mshipi hautui ukiwa umenyooka. Hujipindapinda, upepo huurudisha, na mita moja au mbili hupotea bila mwenyewe kuhisi.

Karani alijidhania mrushaji wa mita 25. Utepe wa fundi mwashi ulimpa 21, tena siku isiyo na upepo. Alipokwenda kupima kile kilindi cha Thego, akakuta kwamba kutoka ukingoni hadi mizizini ni mita 17 na ushei tu. Yadi 30 zingempeleka nzi msituni.

Je, mzee alidanganya? Swali hilo alilipeleka kwa shangazi yake, dada wa marehemu, ajuza ambaye kumbukumbu zake hazijapata kutu. Ajuza alicheka.

"Babako hakuwa na yadi, mwanangu. Alikuwa na mkono."

Akaeleza jinsi nduguye alivyokuwa akiketi mlangoni akipima mshipi kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, akihesabu kwa Kiswahili cha kambini: mkono mmoja, mikono miwili, hadi thelathini, kisha akafunga uzi wa alama. Sasa, mkono ni dhiraa, na dhiraa ni nusu ya wari. Mikono 30 ni yadi 15, kiasi cha mita 13.7. Wasimuliaji wa baadaye, kwa kuiona yadi kuwa kipimo cha waungwana, walibadilisha neno wakaiacha nambari. Hivyo kipimo cha mtu mmoja kilikuzwa maradufu bila yeyote kukusudia uongo.

Kwa hiyo katika miaka hiyo yote mwana alikuwa akirusha mbali kuliko baba, na hilo ndilo lililomnyima samaki. Mshipi mrefu hukokotwa na mkondo, nzi huogelea kinyume cha maumbile, na trauti anapouma, mvuto wa mkono huchelewa kumfikia.

Wiki iliyofuata alipima mikono thelathini, akafunga uzi mwekundu, akarusha kutoka ukingoni bila kuongeza hata shibiri. Nzi alitua karibu hatua mbili kabla ya mizizi. Akarudia, pale pale. Ndipo alipolitazama jiwe bapa lililozama hatua mbili kutoka ukingoni, ambalo siku zote alilipita kwa kuwa hakuhitaji kulikaribia. Alivua viatu akalishukia. Maji baridi ya Thego yalimfika magotini.