Stima Ndiyo Iliyonichagulia Mashine

Kuchomelea nilikuanza kwa mashine isiyo na jina la kampuni. Aliiunda fundi wa jua kali kwa bati za chuma zilizobanwa pamoja, waya wa shaba uliozungushwa kwa mkono, na ubao wenye matundu ya kuchomeka kebo ili kupandisha au kushusha moto. Kuibeba kulitaka watu wawili. Kibanda chetu kilikuwa kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, hapa hapa Kiminini, na kalenda yetu iliongozwa na mahindi. Kabla ya mvua za Machi yalikuja majembe ya trekta yaliyovunjika. Mavuno yalipoanza, zikaja trela na mashine za kupukuchua. Januari wazazi walitaka masanduku ya shule. Mageti hayakuwa na msimu. Mtu akiuza magunia yake vizuri, jambo la kwanza ni geti.

Rodi ya geji 10 ilitosha jembe, ya geji 12 ikatosha tyubu. Kilichotusumbua ni bati jembamba. Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, aliweza kuunga faneli ya kisiagi kwa rodi: anagusa, anainua, anagusa tena, mkono hautikisiki. Sisi vijana wake tulitoboa tundu, tukatumia asubuhi nzima kuliziba, na pembeni likatoboka jingine.

Mashine ya waya nilikutana nayo Nairobi, kwenye karakana ya kuunda bodi za mabasi. Huko hakuna aliyebadilisha rodi. Unabana kitufe, waya unatoka wenyewe kwenye bunduki, gesi inaufunika moto hewa isiingie, na mshono unakwenda mpaka mkono uchoke. Njia hiyo ilianzia Marekani mwaka 1948, katika taasisi ya Battelle, kwa ajili ya kuunga alumini viwandani. Miaka michache baadaye ikaanza kutumika gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ni rahisi, na chuma cha kawaida nacho kikaingia. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza tatizo nililokumbana nalo baadaye. Ni kazi iliyozaliwa kiwandani, penye umeme wa nyaya tatu, kuta za kuzuia upepo, na lori la gesi linalofika mlangoni. Uani kwangu hakuna hata kimoja.

Nilirudi nyumbani wakati nguzo zilikuwa zinasambazwa vijijini, ule mradi wa mwaka 2015 ulioshusha ada ya kuunganishiwa hadi shilingi 15,000. Nikapata stima ya boma kama jirani yeyote: waya mmoja wa moto, volti 240, mita ya tokeni. Transfoma yetu inalisha pia kisiagi. Saa ya watu kusaga unga wa jioni, taa zinafifia, na nikichomeka kipimo naona volti mia mbili na ushei.

Basi nikaenda Kitale kutafuta mashine ndogo ya waya. Duka la kwanza kijana aliniletea kitu chepesi, chekundu, kimeandikwa 250 kwa tarakimu kubwa.

"Mzee wangu, hii inachoma mpaka reli."

"Igeuze nione mgongo wake."

Hapo ndipo ninapomshauri kila anayeniuliza aanzie. Namba ya mbele ni ya kuuzia. Ukweli uko nyuma, kwenye kibati chenye herufi ambazo wauzaji wengi hawajawahi kuzitazama. I2 ni ampea zinazofika kwenye chuma. X ni asilimia ya dakika 10 ambayo mashine inaweza kuchomelea bila kupumzika: ikiandikwa 20 chini ya ampea 140, una dakika 2 za kazi na 8 za kungoja ipoe. I1max ni kiasi inachovuta kutoka ukutani. Ile nyekundu kibati chake hakikuwa na X wala I1max. Niliirudisha kwenye rafu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukichomelea kwa ampea 120, moto wa waya unataka volti 20 hivi, yaani wati 2,400 pale kwenye chuma. Lakini inveta ya bei ya chini, yaani mashine nyepesi ya elektroniki kama ile nyekundu, hupoteza kiasi ndani yake, tena huvuta umeme kwa vipindi vikali, kwa hiyo ukutani hesabu huishia karibu ampea 18. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya 13. Kwa soketi ya kawaida, basi, unachoweza kutumia kwa utulivu ni kama ampea 90, hata kama kasha limeandikwa 250 au elfu moja. Volti zikishuka jioni, mashine huvuta zaidi kufidia. Anayelipia namba kubwa na hana stima ya kuilisha amenunua rangi ya kasha.

Ampea 90 si haba, lakini. Tyubu ya geji 18, ambayo ni milimita 1.2, inataka chini ya hapo. Faneli ya kisiagi, madigadi ya pikapu, ekzosi ya bodaboda, keria, masanduku: zote ni kazi za ampea 50 hadi 90, na ndizo zilizokuwa zinanipita.

Jambo la gesi lilinichukua muda zaidi kuliko mashine. Silinda ina amana, ina nauli ya kwenda kujazwa, na upepo ukipita tu gesi inatawanyika, mshono unatoka na vishimo vya sponji. Mimi nachomelea chini ya mwembe. Nikachagua waya wenye dawa ndani yake, ule usiotaka gesi, wa unene wa milimita 0.8. Moshi wake ni mwingi, cheche zinaruka, na baada ya kuunga unagonga magamba kama ya rodi. Wa karakana ya mabasi wangeucheka. Lakini unashika hata upepo ukivuma.

Waya huo una masharti yake. Bunduki lazima ikae upande wa hasi, wakati waya wa gesi hutaka chanya. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua mlango wa pembeni uone kama nyaya hizo zinaweza kubadilishwa. Kuna mashine zisizoruhusu. Gurudumu la kusukuma waya liwe la chuma chenye meno, kwani waya wa dawa ni laini na gurudumu la mfereji mtupu hulazimika kuukandamiza mpaka unabonyea. Uliza pia ncha za shaba za mdomo wa bunduki zinapatikana wapi, maana huliwa upesi. Na waya wenyewe ukiuacha wazi msimu wa mvua, kutu. Wangu unalala ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye sanduku la unga, jambo ambalo mama watoto hajalikubali hadi leo.

Niliyonunua hatimaye ni ya ampea 140 za kweli, inayokubali waya na rodi pia. Nikamlipa fundi wa umeme avute laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya mnene, breka ya ampea 32. Laini hiyo iliniuma mfukoni, na ndiyo sehemu ambayo wateja wangu wanaotaka mashine kama yangu hawapendi kuisikia. Radi ikianza kunguruma upande wa Mlima Elgon, nachomoa plagi hata kama kazi iko katikati. Ile mashine ya zamani ya shaba haikujali radi wala stima mbovu. Inveta ina bodi ya elektroniki, na bodi ikiungua fundi wa kuitengeneza si wa kijijini.

Jembe la trekta na ndoano ya trela bado nazichomelea kwa rodi. Waya kwenye chuma kinene, kwa mashine ya kiasi hiki, hudanganya: juu mshono unang'aa, chini haujashika. Majuzi aliniletea mtu ndoano, kaona geti nililomuungia jirani yake, naye akataka mshono ule ule laini. Nikamwambia, "Baba, hiyo itabeba magunia au itapigwa picha?" Nikaweka rodi ya geji 10, raundi tatu, nikigonga magamba kila raundi. Alilipa pesa yote, akaenda zake akilalamika kwamba wa jirani ni mzuri zaidi.