Wana Karatasi, Hawana Hodi

Nyumba ya kwanza niliyopiga hodi kule Kansas, aliyetoka kunipokea ni mbwa. Nikasimama katikati ya uwanja, viganja wazi, nikimsubiri mwenye mbwa. Akatoka mwanamume wa makamo, tope hadi magotini. Hata salamu sikuikamilisha. Nikamwambia nimetoka Missouri, nina kibali cha kulungu, je, ataniruhusu niwinde kwake kesho kutwa? Akatazama nguo zangu za madoa ya majani, akatazama gari, akasema, "Hapana, bwana," akarudi ndani. Mbwa ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Siku ile nilikataliwa milango saba.

Naishi Kansas City, upande wa Missouri, nafanya kazi za zamu hospitalini. Mji wetu umekatwa na mpaka, na mahali pengine mpaka wenyewe ni barabara tu: ng'ambo hii Missouri, ng'ambo ile Kansas. Ukiivuka kwenda kuwinda, tayari wewe ni mgeni. Mgeni wa kulungu huomba kibali mwezi Aprili, jina lake likaingia kwenye bahati nasibu, na akikipata hulipa mara kadhaa ya anacholipa mwenyeji. (Nasema kulungu kwa kukosa jina bora. Wenzangu wengine huku husema swala, na ubishi huo umeshakula jioni zetu nyingi.)

Nilipokipata mara ya kwanza nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kibali kinakupa haki juu ya mnyama, si juu ya udongo anaoukanyaga. Kulungu ni mali ya umma, serikali ya jimbo inamtunza kwa niaba ya watu wote, lakini zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Kansas ina wenyewe. Mnyama wako anasimama kwenye nyasi za mtu. Na kule sheria haikusamehe eti hapakuwa na kibao: shamba la mtu huwindi bila ruhusa yake, liwe na alama au lisiwe nayo.

Wenye pesa wana njia yao. Kuna wafanyabiashara wanaokodi mashamba kwa mwaka mzima, kisha wanawauzia wageni siku tano tano, chakula na kitanda ndani yake. Niliyempigia simu alinitajia bei inayozidi mshahara wangu wa mwezi. Simlaumu mkulima anayekodisha, shamba halilipi kila mwaka. Ila mlango ule haukuwa wangu.

Uko mlango mwingine, na ajabu ni kwamba watu wengi huanza kupiga simu kabla ya kuutazama. Tangu 1995 jimbo la Kansas hukodi haki ya kuwinda kutoka kwa wenye mashamba, likamfungulia kila mwenye leseni bila malipo ya ziada. Ni zaidi ya ekari milioni moja, zimechorwa kwenye kitabu cha ramani kinachotoka kila mwaka, na kila shamba lina vibao pembeni. Unaingia kwa miguu tu. Niliwinda huko misimu miwili. Wikiendi niliona kofia za rangi ya chungwa nyingi kuliko kulungu, lakini Jumanne asubuhi, nikitoka zamu ya usiku, mara nyingi nilikuwa peke yangu. Hadi leo naenda.

Hata hivyo ile milango saba ilinikaa rohoni, na ilinichukua muda kujua kwa nini.

Nimezaliwa kusini mwa Tabora, kwenye miombo. Baba alikuwa na mizinga ya nyuki na gobore moja kuukuu. (Kansas nao wana msimu wa gobore, mwezi Septemba. Nilipousoma kwenye ratiba nilicheka peke yangu. Ningemwonyesha Baba, angeuliza kwa nini mtu mwenye bunduki nzuri ajitese hivyo.) Kila Julai magari ya wageni wa uwindaji yalipita kijijini kwetu kuelekea kwenye kitalu. Yalikuwa na vibali kutoka Dar es Salaam, kila kitu halali, mihuri yote ipo. Waliokaa nyuma walitupungia mikono, sisi watoto tukapunga, vumbi likatua kwenye mihogo iliyoanikwa. Hakuna aliyesimama kuuliza nyumba hii ni ya nani, au kisima hiki huchotwa saa ngapi. Baba hakuwahi kuwatukana. Alisema tu, "Wana karatasi, hawana hodi."

Sasa niyaweke hayo pamoja na yule mwanamume wa tope magotini. Mimi nilimwonyesha nini? Karatasi.

Nilipomweleza mke wangu, hakunihurumia sana. Akasema, "Baba watoto, mtu mweusi asiyejulikana, kwenye uwanja wa mzungu, jioni inaingia, amevaa mavazi ya porini, bunduki iko garini. Na wewe ungefungua?" Ushauri wake ulikuwa mfupi: nenda mchana, nenda mikono mitupu, nenda wakati hutaki kitu. Hilo la mwisho lilinishinda. Nitaendaje kwa mtu nikiwa sitaki kitu, na ninakitaka? Tukakubaliana basi niende wakati kitu chenyewe kiko mbali.

Nikaenda Aprili, kwenye vilima vya Flint Hills, mwendo kama wa saa mbili hivi. Ardhi ile ina mawe magumu chini ya udongo, jembe la plau halikuiweza, ndiyo maana nyasi zake ndefu zimebaki hadi leo. Kila majira ya kuchipua wafugaji huichoma ili ng'ombe wapate majani mapya na mierezi isiteke malisho. Nilifika anga limejaa moshi. Nikafungua kioo cha gari, na harufu iliyoingia ilikuwa ya kwetu, ya mwezi wa tisa, Baba akisafisha chini ya mizinga yake.

Getini nilimkuta mzee na kijana mmoja, tangi la maji nyuma ya gari, wanamngoja mtu wa tatu asiyefika. Nikasalimia. Nikauliza upepo unatoka wapi. Mzee akanitazama. "Umewahi kuchoma?" Nikamwambia nimekulia kwenye moto wa namna hii. Akanipa ufagio wa mpira wa kuzimia miali, tukaanza ule upande ambao upepo unaelekea, tukachoma ukanda mweusi kwanza ili moto mkubwa ukija usipate pa kukimbilia. Kwa saa nne hatukuzungumza chochote ila moto. Tulipokaa kunywa maji ndipo akauliza, "Na wewe hasa ulikuja kutafuta nini?"

Nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. Akachukua risiti ya duka la chakula cha mifugo, akaandika nyuma yake jina langu, namba ya gari na mwaka. "Majike tu," akasema. "Na usipige kuelekea nyumba ya dada yangu."

Nisidanganye kwamba hii ni fomula. Mwaka huohuo nilipanga marobota ya nyasi kavu nusu siku kwa mfugaji mwingine, mwisho akaniambia nafasi ameshampa mpwa wake. Hakunidai, sikumdai, mgongo uliuma siku mbili.

Desemba nilimpata jike mmoja kando ya kijito, chini ya miti mirefu iliyokwisha pukutisha majani. Nilimpelekea mzee paja akalikataa, friza yake ilikuwa imejaa. Fedha nazo hakuzitaka. Alichotaka ni mageti: nililolikuta limefungwa nilifunge, nililolikuta wazi niliache wazi, hata kama akili yangu inaniambia vingine. Ng'ombe wa watu watatu walitegemea hilo. Kila nilipopita alikuwa dirishani, na najua hakuwa akitazama nimepata nini. Alikuwa akitazama mkono wangu kwenye komeo.

Misimu mitatu ilikwenda hivyo. Aprili iliyopita nilifika na ufagio wangu mwenyewe, nikakuta mapazia yameondolewa madirishani na gari la tangi halipo. Mwendesha trekta barabarani akanieleza kwamba mzee amehamia mjini kwa binti yake, shamba limepata mwenyewe mwingine. Nguzo za uzio zilikuwa zimepakwa rangi ya zambarau, ambayo kwa sheria ya Kansas maana yake hawindi mtu pale bila ruhusa ya maandishi. Niligusa mojawapo, rangi ikaninata kidoleni.

Ile risiti bado ilikuwa kwenye pochi yangu. Nikaiacha humohumo, nikafuta kidole kwenye nyasi, nikamuuliza mwendesha trekta mlango wa mwenye shamba mpya uko upande gani.